Kabla hujampa mwanao jina adimu, kaulize lilikotoka

Wazazi vijana siku hizi wanataka jina ambalo mwalimu akiliita darasani anasimama mtoto mmoja tu. Nawaelewa, nami nilipokuwa na mimba ya kwanza nilitaka hivyo hivyo. Tangu wakati huo wadogo zangu, mawifi na hata majirani hunipigia simu jina linapotafutwa, na jibu langu halibadiliki: jina adimu ni zuri, ila lichukue pamoja na kisa chake. Kwetu majina mengi hayakutungwa ili yapendeze masikioni. Yalitolewa kwa sababu kuna jambo limetokea.

Tazama jina Nyerere. Baba yake Mwalimu, Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, aliitwa hivyo kwa kuwa alizaliwa wakati viwavi wamevamia mashamba. Mwalimu mwenyewe alipozaliwa Butiama mwaka 1922 alipewa kwanza jina Mugendi, yaani mtembeaji, halafu likabadilishwa akawa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Julius alilipata kwenye ubatizo mwaka 1943. Viwavi, mvua, ubatizo: ukiyajua majina hayo umeshaijua nusu ya habari za nyumba ile.

Mahali ambapo watu hukosea sana ni kwenye majina ya mapacha. Mume wangu ni Msukuma. Binti mmoja wa upande wangu, mwenyeji wa Tanga kama mimi, alilipenda jina Doto, akataka kumpa mwanawe wa kwanza aliyezaliwa peke yake. Alipomwambia mama mkwe wangu, mama hakumgombeza. Aliuliza tu, "Na Kulwa yuko wapi, mwanangu?" Yule binti hakuwa na jibu. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi, Kulwa ni pacha anayetangulia kuzaliwa na Doto ndiye anayefuata. Ukimwita Doto mtoto asiye na pacha, kila atakakopita kuanzia Shinyanga mpaka Mwanza ataulizwa habari za Kulwa, na wengine watampa pole ya msiba ambao haukuwahi kutokea. Wajaluo nao wana Opiyo au Apiyo kwa pacha wa kwanza, Odongo au Adongo kwa wa pili, na Okello au Akello kwa mtoto anayezaliwa baada yao. Waganda wana Wasswa na Kato kwa wavulana, Babirye na Nakato kwa wasichana. Majina haya yana wenyewe, tuwaachie.

Ukitaka jina la asili lisilo na masharti hayo, angalia majina ya wakati. Chausiku ni wa usiku, Mwanaidi ni wa Idi. Kwa Wajaluo, Atieno kazaliwa usiku, Achieng jua likiwaka, Akoth mvua ikinyesha. Yanatamkika, yana heshima, na mtoto akiuliza una cha kumweleza.

Sasa yale mazito: Tabu, Shida, Mashaka, Masumbuko, Sikujua. Hapa nitasema ninachokiamini. Bibi yangu mzaa mama aliitwa Tabu, na nilipojifungua binti niliona ni zamu ya jina lile kurudi. Ndugu wakagawanyika. Wengine walisema jina huvuta, kwa nini nimtwishe mtoto mchanga mzigo? Nikaenda kwa mdogo wake bibi, aliyekuwa bado hai, nikakaa naye barazani mpaka akanieleza. Mama yao alishikwa na uchungu akiwa shambani, homa imempanda, mkunga yuko mbali, na waliokuwa naye walishaanza kuwaza maziko. Wote wawili wakapona. Jina lilikuwa la kukumbuka kwamba walipona. Nilipomaliza kusikiliza sikuwa na shaka tena, na cheti cha binti yangu kimeandikwa Tabu. Yuko darasa la nne na anakisimulia kisa hicho mwenyewe.

Kwa wanaoogopa kwamba jina humfunga mtu: mtu aliyeteuliwa kuwa Naibu Waziri Mkuu wa Tanzania mwaka 2023 anaitwa Doto Mashaka Biteko. Na mwimbaji wa Zanzibar aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili alizaliwa akaitwa Mtumwa. Watu waliomsikia wakamwita Siti, jina la heshima, na mpaka leo tunamjua kwa jina la Siti binti Saad.

Orodha za mtandaoni zisome kwa tahadhari. Nyingi zinaandikiwa wazazi wa Marekani, ambako majina kama Imani na Nia yana historia yake halali: ni miongoni mwa misingi saba ya Kwanzaa, sikukuu iliyoanzishwa mwaka 1966. Lakini orodha hizo hizo zitakuambia Zuri ni jina la kale la Kiswahili, na sijawahi kukutana na bibi wa pwani anayeitwa hivyo. Kama unalipenda, mpe mwanao, ila usimwambie ni urithi wa mababu.

Ukishachagua, linda tahajia. Jina lisilozoeleka huandikwa na karani jinsi anavyolisikia, Sikudhani akawa Sikuzani. Liandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi, mpe anayejaza, na usome tangazo la kizazi, ile fomu ya hospitali ya kuombea cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi kabla hujatoka wodini. Kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90. Kosa likishaingia kwenye cheti cha kuzaliwa, likafuata vyeti vya shule na kitambulisho cha taifa, mtoto atakuja kuhangaika na viapo vya mahakamani akiwa mtu mzima, na mara nyingi analigundua siku anayoomba kazi au pasipoti.

Na kama kuna mzee kwenye ukoo anayejua majina ya nyuma, nenda kwake kabla tumbo halijawa kubwa. Washa simu umrekodi. Muulize nani alimpa nani jina, mwaka ule kulikuwa na nini, na kama kuna jina ambalo familia iliacha kulitumia, muulize na sababu.