Mashine ya kupimia chuma kwenye bomba la faiba

Mkuu, umeuliza kama mashine ya ultrasound uliyozoea kupimia chuma inaweza kukuonyesha kasoro iliyojificha ndani ya bomba la faiba (nyuzi za kioo zilizoshikwa na resini, yaani gundi ngumu), maana kwa macho huoni kitu na mkandarasi anaapa bomba ni zima. Inaweza. Ila ukiitumia kama unavyoitumia kwenye chuma itakudanganya mchana kweupe.

Mimi nilianzia bandari ya Mwanza Kusini, kupima unene wa mabati ya meli. Siku nilipoitwa kwenye bomba la faiba linalopandisha maji ya ziwa hadi kwenye tangi mlimani, nikapaka jeli, nikabandika probu (kile kichwa kinachotuma sauti na kupokea mwangwi), skrini ikasoma milimita 26. Mzee mmoja, fundi bomba, akaokota kipande kilichokatwa jana yake, akakipima kwa kalipa: 12. Akanikabidhi bila neno. Nilikuwa nimeacha kasi ya chuma, mita 5,900 kwa sekunde, wakati kwenye faiba ile sauti ilikuwa inakwenda kama 2,700 tu. Mashine haijui unene. Inapima muda wa mwangwi kwenda na kurudi, halafu inapiga hesabu kwa kasi uliyoipa wewe. Tangu hapo sigusi bomba kabla sijapata kipande cha bomba hilohilo nikaipangia mashine kasi yake. Namba ya kitabuni usiiamini sana, kiasi cha resini na nyuzi kinaibadilisha.

Probu ya megahezi 5, yaani inayotetema mara milioni 5 kwa sekunde, iache kwenye meli. Nyuzi zinaitawanya sauti, mwangwi wa ukuta wa ndani unapotelea humo, unabaki na kelele. Mimi nilishuka hadi megahezi 1. Gharama yake ni kwamba vitundu vidogo hutaviona tena, na kasoro iliyo karibu sana na uso inamezwa na mlio wa probu yenyewe.

Sasa lile bomba. Mwanza unaijua, mawe kila kona, na wakati wa kushusha lilikuwa limeangukia jiwe. Nje palikuwa na alama ndogo kama sarafu ya shilingi mia, tena imepakwa rangi (aliyepaka anajijua). Nikawa nasogeza probu kidogo kidogo. Mwangwi uko kwenye milimita 12, 12, 12, ghafla unazama, mwingine unachomoza kwenye 4. Kila ulipobadilika nilitia chaki. Nilipomaliza, mchoro wa chaki ulikuwa mpana kuliko kiganja changu. Walipokata, ukingo ulikuwa kama chapati iliyosukumwa vizuri, matabaka yameachana. Na chini ya ile 4 mashine haikuwa na la kusema, kwa sababu sauti ikifika kwenye hewa iliyo kati ya matabaka inageukia hapohapo.

Ndiyo maana nakushauri utoe maji kwanza kama inawezekana. Bomba likijaa maji, sehemu ya sauti inapenya na kupotelea humo, mwangwi wa ukuta wa ndani unakuja dhaifu na unaweza kudhani ni kasoro. Ubaya mwingine ni kwamba ufa uliojaa maji nao unapitisha sauti, ukauona mdogo kuliko ulivyo.

Kabla ya yote hayo gonga kwa sarafu. Usicheke, matabaka yaliyoachana karibu na uso yanalia butu, na hilo litakuokolea nusu siku ya kuhangaika na jeli.

Kwenye maungio ya gundi ndipo ninapoomba watu wapunguze majigambo. Pale gundi isipofika kabisa, ultrasound inaona pengo. Pale ilipofika ikagusa tu bila kushika, labda kwa sababu ya vumbi au unyevu wa asubuhi ya ziwani, mwangwi unaonekana safi kabisa. Kwa maungio, mtu akikuletea karatasi ya ultrasound peke yake usisaini, dai bomba lijazwe maji lipimwe presha.

Bomba lako lina unene gani, na vipande vya mabaki bado vipo saiti au vimeshatupwa?