Nakala ya Wii iliyobaki kwenye kadi peke yake si nakala

Hapana, ndugu yangu, usifanye hivyo. Umeuliza kadi ya SD iwe na ukubwa gani, kunakili kumbukumbu ya ndani ya Wii, mashine ya gemu ya Nintendo, kunachukua muda gani, na kama vitufe vya mashine yenyewe vinatosha kwa kuwa huna rimoti ya GameCube, mashine iliyoitangulia. Lakini mwishoni umetaja, kana kwamba ni jambo dogo, kuwa ukishanakili kumbukumbu ya ndani utaifomati kadi hiyohiyo uwekee gemu. Hapo hapo ndipo nilipozikwa mimi.

BootMii, programu inayonakili na kurejesha kumbukumbu hiyo, ikimaliza kazi huacha kwenye kadi faili mbili: nand.bin, yenye takribani MB 528, na keys.bin, ambayo ni kilobaiti moja tu. Nilikuwa nazo zote mbili. Fundi wangu, mtu mwenye kiti cha kuzunguka na kujiamini kulikozidi idadi ya mashine alizoziua, alinieleza kwamba nakala "imeshaingia ndani ya Wii" na kwamba kadi ni yangu kuitumia nitakavyo. Nilimwamini kwa sababu nilikuwa nimeshamlipa. Siku ya harusi ya binamu yangu kamera ikakosa kadi, nikachomeka ile, kamera ikauliza kama ifomati, nami nikabonyeza ndiyo huku nikitabasamu. Picha zilitoka nzuri sana, ila sidhani kama bwana harusi mwenyewe aligharimika kunishinda.

Wiki mbili baadaye nikaingiwa na hamu ya usafi, nikaifuta IOS80, moja ya programu za mfumo wa Wii, nikidhani ni takataka, kumbe menyu kuu ya toleo la 4.3 haiwaki bila hiyo. Nilipowasha tena, televisheni ikabaki nyeusi tii. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba BootMii yangu ilikuwa imewekwa kwenye boot2, programu ya mwanzo kabisa wa kuwaka, yaani huamka kabla ya menyu kuu, hivyo nilipopakua upya faili zake na kuziweka kwenye kadi, iliwaka bila kusitasita, nikafika mpaka kwenye sehemu ya kurejesha nakala. Mgonjwa yupo, daktari yupo, chumba cha upasuaji kimefunguliwa, nand.bin ndiyo haipo.

Nikamrudia fundi, naye bila haya akanipa nand.bin ya mteja mwingine, wakati hata anayeanza leo anapaswa kujua kwamba kumbukumbu ya kila Wii imefungwa kwa funguo zake yenyewe za siri na ya mwenzake haiifai kitu. Siku hizi Wii yangu inazuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo, na katika kazi hiyo haijawahi kuganda hata mara moja.

Basi kabla hujagusa chochote, toa kadi, ichomeke kwenye kompyuta, nakili faili zote mbili, kisha uzinakili tena kwenye flashi utakayoifungia kabatini. Linganisha ukubwa wake kwa baiti, maana faili iliyokatika njiani hubaki na jina lilelile. Wakati wa kunakili, ukionyeshwa bloku chache mbovu, yaani vipande vya kumbukumbu visivyofanya kazi, usitishike, kwani chipu nyingi hutoka navyo kiwandani. Kadi ya GB 1 inatosha. Na fundi akikwambia kuwa nakala imeshaingia ndani, mwulize ndani ya nini, na akuonyeshe hiyo nand.bin kwenye kompyuta yako kabla hujatoa pesa mfukoni.