Usikubali Kuhurumiwa Ulingoni

Juma lililopita niliandikiwa na msichana aliyeanza ndondi miezi michache iliyopita, akitaka kujua awajibu nini wanaomwambia kuwa ngumi ni za wanaume. Namjibu hapa kwa kuwa najua wengi wenu mnautamani ulingo kama nilivyoutamani mimi, na kwa kuwa swali hilo bado linaniuma.

Matusi niliyazoea mapema. Huruma ndiyo iliyoniponza. Kwa mwaka mzima kocha wangu wa kwanza alinipanga na vijana walionigusa kwa glavu kama mtu anayepapasa ukuta gizani, ilhali wao kwa wao walitwangana hadi jasho likaruka. Nikajiona hodari. Katika pambano langu la kwanza, konde la kushoto lilinipata juu ya jicho kabla sijainua mkono, na katika raundi ya pili mwamuzi akasimamisha pambano. Nikiwa kwenye kona nafunguliwa bandeji, nilimsikia mtu akisema, “Si tulisema?” Hakuna aliyeuliza ni nani aliyeninyima mazoezi ya kweli.

Mdogo wangu, usimalize pumzi kwa kubishana na watazamaji. Mwambie kocha wako, kwa heshima lakini bila kumung’unya maneno, akupe mwenza wa uzito wako anayerusha makonde ya kweli, nyote mkiwa na kofia na kinga za meno. Akikataa, hama. Mimi nilihama, na katika mapambano manne yaliyofuata nilishinda matatu; nalisema hilo kwa fahari.

Waliotutangulia walidai zaidi ya hayo. Mwaka 1959 Rusty Kanokogi alijifanya mwanamume ili ashiriki mashindano ya judo katika jimbo la New York, akashinda pambano lake, kisha akanyang’anywa medali alipokiri kuwa ni mwanamke. Wanandondi wanawake walisubiri Olimpiki ya London ya mwaka 2012, ambako Nicola Adams alitwaa dhahabu ya kwanza, na hata huko walitengewa madaraja matatu tu ya uzito huku wanaume wakiwa na kumi. Kwa hiyo usione haya kudai mwenza mmoja wa mazoezi. Dai leo, dai na kesho, na atakapopatikana, niandikie unieleze raundi ya kwanza ilikwendaje.