Roho ninayo, ila choo ni kimoja

Swali lenu la wiki hii, "Ungemficha mtu usiyemjua nyumbani kwako kama mkikamatwa mnauawa wote?", najua wengi watajibu ndiyo fasta fasta. Mi nimekaa nalo tangu juzi. Naishi nyumba ya kupanga, vyumba sita choo kimoja, mgeni akilala usiku mmoja tu kesho yake muuza chapati wa kona ananiuliza, jirani umepata ugeni? Sasa familia nzima ntaiweka wapi, uvunguni?

Ndo maana kisa cha Albania, kile cha Vita ya Pili ya Dunia Wanazi wa Ujerumani wakiwasaka Wayahudi wawaue, huwa kinanisumbua. Kulikuwa na mpiga picha Myahudi, Moshe Mandil, kakimbia Yugoslavia na mkewe na watoto wawili, wakaangukia Tirana, mji mkuu wa Albania, kwenye studio moja ya picha ambako dogo wa miaka 17, Refik Veseli, Muislamu, alikuwa anajifunza kazi. Septemba 1943 Italia, iliyokuwa imeikalia Albania, ikasalimu amri, Wajerumani wakaingia, yule dogo akaongea na wazazi wake wakakubali, basi akawapandisha nyumbu hao mpaka kwao Kruja, milimani huko, usiku wanatembea mchana wamejibanza mapangoni. Ndugu yake naye akaleta familia nyingine ya Kiyahudi, nyumba ileile!

Wakubwa wakawekwa kachumba juu ya zizi, mchana hawaonekani. Ila watoto wakaachiwa nje wacheze na wenzao wa kijijini, na hapo ndo pananimaliza mimi, maana mtu mzima unaweza kumfungia, ila mtoto mgeni anakimbizana na watoto wa watu kila siku, majirani si wanaona? Waliona, wakanyamaza, mpaka Novemba 1944 Wajerumani walipotimuliwa. Mwaka na zaidi! Sisi mgeni siku ya tatu tunampa jembe.

Wenyewe wana kitu wanaita besa, yaani neno la mtu, ukishampokea mgeni halafu ukamtoa kwa adui hiyo aibu ni ya ukoo mzima, na mila yao ya zamani inasema nyumba ya Mwalbania ni ya Mungu na ya mgeni. Wayahudi wa Albania kabla ya vita walikuwa kama 200 hivi, vita inaisha wako wengi kuliko mwanzo, wakati nchi nyingine za Ulaya walikuwa wanamalizwa. Refik baadaye akaenda kwa kina Mandil kule Novi Sad, Yugoslavia, kuendelea kujifunza picha. Mwaka 1987 ndo Yad Vashem, taasisi ya Israeli ya kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na Wanazi, ikawatambua yeye na wazazi wake.

Kwa hiyo mi mlango ningefungua, sidanganyi. Ila hilo swali mngempelekea kwanza mama wa chumba cha nne, yule anaamka saa kumi alfajiri kuchota maji na hakuna anayeingia wala kutoka hapa asimjue.