EF 48 kwenye eko (ultrasound ya moyo) ni mbaya?
Kaka pole, ila hiyo EF 48, yaani asilimia ya damu ambayo moyo unasukuma nje kila pigo, usiisome kama maksi za mtihani, hakuna moyo unaotoa 100, hata mzima kabisa kila pigo unasukuma kama asilimia 50 mpaka 70 tu ya damu iliyojaa kwenye chemba, wewe uko kwenye 41 hadi 49 yaani imepungua kidogo. Na eko yenyewe huwa inapishana pointi kadhaa kutegemea na anayepima. Muulize dokta SABABU: presha? sukari? pombe? mishipa ya moyo kuziba? Nyingi zinatibika na namba inaweza kupanda tena. Hizo diklofenaki unazomeza kwa ajili ya mgongo mwambie pia, haziupendi moyo. Ukivimba miguu au pumzi ikikata ukilala chali, wahi hospitali siku hiyohiyo.