Tina chafu usiimwage

Vijana wanaokuja gereji kwetu Mwanakwerekwe kujifunza kupuliza rangi, siku ya kwanza macho yote huwa kwenye bunduki. Mimi nawaonesha kwanza makopo matatu ya bati nyuma ya mlango.

Tina yetu, yaani maji makali ya kuzimulia na kuoshea rangi, inavuka bahari, na nauli ya chombo imo ndani ya bei. Miaka yangu ya mwanzo nikiosha bunduki kwa tina mpya, kisha naimwaga uani. Ardhi yenyewe hii ya Unguja ni mawe ya matumbawe, matundu matupu. Unachokimwaga juu hakikawii kufika kwenye maji ya visima. Nikinunua sumu kwa pesa, nawanywesha majirani bure.

Sasa tina iliyokwisha osha itie kopo la kwanza, funika, iache wiki bila ya kuitikisa. Rangi itazama iwe mashapo. Ya juu imimine pole pole kopo la pili. Hiyo ndiyo ya mwosho wa kwanza. Mpya, ya kopo la tatu, ni ya kusuuzia tu, kiasi cha kikombe cha kahawa, nayo ikingie irudi kopo la pili. Rangi yenye hadina, dawa ya kuigandisha, usiicheleweshe: ikigandia ndani ya bunduki, hakuna tina itakayoitoa. Na tina hii ya kutuama usichanganyie rangi ya gari la mtu. Mimi nilichanganya mara moja, boneti likatoka vijishimo, nikalipiga upya kwa gharama yangu.

Kijana mmoja wa Pemba, mwerevu kweli, alitaka tuipike tuivune mvuke wake, kama makonyo, vijiti vya karafuu, yanavyofanywa kiwandani Wawi kule Pemba kutoa mafuta. Fikra si mbaya. Viwanda vikubwa hufanya hivyo, lakini kwa mitambo iliyofungwa isiyotoa cheche. Mafuta ya karafuu hubebwa na mvuke wa maji. Mvuke wa tina ni moto unaongoja. Ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni mpaka ulikute jiko. Toluini, iliyomo kwenye tina nyingi, hushika cheche hata kwenye baridi ya nyuzi 4, seuze joto letu la Februari. Na mashapo ya rangi ya selulosi yakikaukia motoni huweza kulipuka. Sufuria nilimnyang'anya.

Makopo yawe na vifuniko, maana asetoni, nayo imo kwenye tina nyingi, ikiachwa wazi inaruka na pesa zako. Chupa za maji ya kunywa usizitumie kabisa, hata kwa dakika moja. Watoto wa chuo cha Kurani hupita hapa mchana kuomba maji.