Maswali ya wasomaji: nembo ya bibi, tatuu ya mjukuu

Bibi yangu ni Mmakonde wa Newala. Nembo (chale za kimila) za usoni mwake zina rangi ya bluu na ukizigusa zimeinuka. Tatuu yangu ni nyeusi na laini kabisa. Kwani si kitu kimoja? Nataka nami nichanjwe kama yeye. (Msomaji, Mtwara)

Kwa zote mbili rangi inakaa palepale, ndani ya ngozi; tofauti iko kwenye jeraha. Fundi wa nembo alichanja kwa kijisu kifupi, kisha akasugua mkaa uliosagwa, aghalabu wa mnyonyo, kwenye kidonda kibichi. Kikipona, mtu alirudi kuchanjwa juu ya mistari ileile, hata mara ya tatu, mpaka ikolee. Kila marudio yaliongeza kovu, ndiyo maana kidole kinakuta mwinuko. Mkaa wenyewe ni mweusi tii. Bluu inaletwa na ngozi iliyoufunika: mwanga wa bluu hutawanyika na kurudi jichoni, mwekundu hupenya na kumezwa na mkaa.

Uso wa namna hiyo ulisomwa: mtu ni wa wapi, na je, alivumilia wembe? Kwenye vinyago vya mapiko (barakoa za ngoma za Wamakonde) vya zamani utakuta mchongaji amebandika nembo kwa nta ili nazo ziinuke. Vijana wengi waliiacha desturi hiyo kuanzia miaka ya 1960. Neno “nembo” limebaki, ila sasa limehamia kwenye mabango ya kampuni.

Kuhusu kuchanjwa, hofu yetu ni chombo. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kudumu siku 7 kwenye damu iliyokauka, na kupangusa kwa spiriti hakutoshi. Wembe uwe mpya, ufunguliwe mbele yako. Chombo cha kurudia kipitishwe kwenye mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121, kwa dakika zisizopungua 15. Na kama kidonda cha kutoga sikio kiliwahi kukuota kovu nene linalokua, usichanje kabisa. Kama huna tatizo hilo, mistari hiyohiyo inaweza kuchorwa kwa sindano. Haitainuka, lakini bibi ataitambua.

Nimechorwa jina upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Siku ya tatu kivuli cha bluu kimetanda kandokando ya herufi. Fundi anasema kitaisha. (Msomaji, Nairobi)

Subiri wiki mbili. Kikigeuka kijani kisha manjano, ulikuwa mchubuko na fundi amesema kweli. Kikibaki bluu, sindano ilizama mno.

Wino unatakiwa kukaa kwenye tabaka la pili la ngozi, kina cha milimita 1 hadi 2 hivi. Ukiwa juu zaidi, unabanduka na ngozi ya nje, ambayo hujibadilisha kwa takriban wiki 4. Ukipita chini, unafika kwenye mafuta na kutanda kama wino kwenye karatasi ya choo. Kifundo cha mkono kina ngozi nyembamba, na mashine inadunga makumi ya mara kwa sekunde, kwa hiyo mkono ukizembea kidogo tu, herufi nzima imeharibika. (Mashine hiyo ni mjukuu wa kalamu ya umeme ya Edison ya 1876, iliyotoboa karatasi ili kunakili maandishi. Samuel O'Reilly wa New York aliigeuza ya kuchorea ngozi na kupata hataza mwaka 1891.)

Usikubali fundi arudie sasa hivi “kurekebisha”. Ngoja wiki 6 ipone, kisha anenepeshe herufi zifunike kivuli.

Mstari kunenepa pole pole kwa miaka ni jambo jingine, na ni kawaida: seli za kinga zilizomeza wino hufa, nyingine huumeza upya, na kila mara kidogo husogea.

Kuna krimu ya kufuta tatuu inauzwa mtaani. Inafaa? (Msomaji, Mombasa)

Hapana. Zile za asidi huunguza ngozi ya juu na kukuachia kovu huku wino ukibaki. Kinachofanya kazi ni leza, inayopasua wino uwe chembe ndogo ambazo mwili unaweza kuzibeba. Kwa ngozi nyeusi ulizia leza ya mawimbi ya nanomita 1064, kwa sababu haimezwi sana na rangi ya ngozi yenyewe. Vipindi huwa vingi, vikipishana wiki 6 hadi 8. Nyeusi hutoka upesi kuliko kijani na manjano. Nyusi za kuchorwa zijaribiwe kwanza mahali padogo, maana wino wa kahawia au mweupe ukipigwa leza unaweza kugeuka mweusi papo hapo.